Mama Mkaguzi na Padi Zake Nne

Mama Mkaguzi hajui kucheza gemu. Nalisema hilo mapema kabla hamjaanza kumsifia bure. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye benchi la kibanda chake cha gemu hakuwahi kujua batani ya kupiga pasi ni ipi. Golikipa alimwita "yule aliyevaa tofauti", na aliamini kabisa kwamba timu ikifungwa sana wachezaji wanaweza kukasirika wakatoka kwenye runinga wakaenda zao. Lakini mpe padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Mpe padi yoyote, ya waya au isiyo ya waya, mpya au iliyotafunwa na mbwa, mfunge macho kwa kitenge, na kabla hujamaliza fundo atakuwa ameshakuambia kama ni orijino au feki, kama iliwahi kuanguka, na iliangukia upande gani.

Mkono huo ndio uliomlisha, ndio uliompa jina. Na mwaka jana mkono huo ulianza kufa ganzi, kidole kimoja baada ya kingine. Mtu wa kwanza kugundua hakuwa daktari wala mtoto wake wa kumzaa. Nilikuwa mimi, tena kwa ujinga wangu. Tutafika huko.

Siku za kupokea kakao alikaa kwenye kigoda mlangoni pa ghala la ushirika, pale Ngana, Kyela, khanga mbili kiunoni na kisu kidogo pembeni. Wakulima walifika na magunia juu ya baiskeli na bodaboda, midomo imejaa asali.

"Mugonile, Mama. Leo nimekuletea kitu kikavu kama mfupa."

Salamu aliitikia. Sifa hakuzijibu. Alikunja mkono wa blauzi, akautumbukiza ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akapekua chini kabisa. Alikuwa na msemo wake: "Juu ya gunia kila mtu ni mlokole." Akichomoa konzi ya kakao aliipeleka sikioni, akaiminya. Kakao iliyokauka inalalamika, inalia kama mtu anayekanyaga majani makavu ya mgomba. Mbichi inanyamaza.

"Haisemi hii. Rudisha juani."

Na jua letu mnalijua. Linakuja kama mgombea udiwani, linasalimia watu wote kwa furaha halafu linapotea. Kwa hiyo kuambiwa "rudisha juani" ilikuwa kama kufungwa. Watu walinung'unika, walikumbusha undugu, walitaja majina ya marehemu. Mama Mkaguzi alikuwa ameshageukia gunia linalofuata.

Aliwahi kukataa gunia la mchungaji. Aliwahi kukataa la kaka yake, mbele ya mke wa kaka yake, siku mbili kabla ya harusi yao ya ukoo. Gunia la baba yangu alilikataa mara tatu katika msimu mmoja, na mara ya tatu baba alirudi nyumbani akalitua uani, akakaa juu yake kama kuku anayeatamia, akasema, "Yule mwanamke ana mkono wa shetani." Mama yangu akamjibu kutoka jikoni, "Basi shetani anajua kakao." Hapo ndipo mimi, nikiwa darasa la sita, niliapa kulipiza kisasi. Kisasi chenyewe ndicho kilichonipeleka kwenye kibanda chake.

Kibanda kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala. Mabati juu, mbao pembeni, runinga moja, mashine moja ya gemu, benchi moja lililotuchana kaptula. Mwanamke wa kwaya, mkali kama pilipili kichaa, alipataje kibanda cha gemu? Ilikuwa hivi. Mwanawe mkubwa alinunua ile mashine kabla ya kuoa. Alipooa, mke akakaa miezi miwili, akasema, "Chagua, mimi au hicho kisanduku." Mwana akakileta kisanduku kwa mama yake kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo. Mama Mkaguzi akakitazama wiki nzima, kisha akasema kitu kisichofanya kazi ndani ya nyumba ni mgeni asiyeondoka, akakifungulia kibanda.

Gemu zenyewe aliziita upuuzi. "Mnakimbia mmekaa," alisema. "Watu ishirini na wawili na hakuna anayetoka jasho." Lakini kila siku kabla ya kufunga alizichukua padi zote nne mapajani, akazifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mshono kwa mshono, taratibu kama anaogesha vichanga. Ukimshika akifanya hivyo alikunja uso: "Nafuta mafuta yenu ya vitumbua. Msidhani napenda."

Sasa hizo padi. Alizipanga kwenye misumari minne ukutani, kwa daraja, kama kakao.

Msumari wa kwanza alikaa Askofu. Ndiyo padi iliyozaliwa pamoja na mashine. Ilikuwa nzito, lakini uzito wake uligawanyika sawa mikono yote miwili, hukuchoka. Ukipitisha ukucha kwenye kiungo cha plastiki, pale vipande viwili vinapokutana, ukucha haukwami. Vile vifyatulio vya nyuma vilishuka polepole na kurudi polepole, kama mtu mzima anayekaa kwenye kiti cha watu. Na analogi, vile vijiti viwili vya kumwendesha mchezaji, vilikuwa na ubishi kidogo: ukivisukuma vinakusukuma nawe, unajua kabisa umefika wapi.

Msumari wa pili alikaa Mgeni, padi isiyo na waya, haina jina la kampuni popote. Sisi tuliidharau. Mama Mkaguzi akaishika, akaipa daraja la pili. Tukapiga kelele: mbona haina hata nembo? Akasema, "Mkono hausomi lebo." Na kweli, ile padi ilivumilia miaka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, mpini wake ni mnene, imetengenezewa mtu mwenye viganja vya mpiga makasia.

Msumari wa tatu alikaa Bibi. Bibi alikuwa orijino aliyezeeka. Alama zote za batani zilishafutika, pembetatu na mraba unavikumbuka kwa imani tu. Analogi yake ya kushoto ililegea, kwa hiyo ukimwachia, timu yako nzima inaanza kutembea yenyewe kuelekea kushoto, kama watu wanaovuka mto Songwe kuingia Malawi bila hati. Ila batani zake zilikuwa laini, jamani. Kama kubonyeza parachichi lililoiva.

Na msumari wa nne, Bwana Harusi. Nyekundu, inang'aa, ina taa. Ukiishika unashangaa: nyepesi kama kiberiti kisicho na njiti. Kiungo cha plastiki kinakukata kiganja. Batani zinapayuka ka! ka! ka!, kifyatulio kinashuka chote kwa mkupuo bila kuuliza, na mpira wa kwenye analogi ulibanduka kabla ya mwezi kuisha. Wateja wapya wote waliikimbilia. Mama Mkaguzi aliwaacha. "Waoe kwanza," alisema.

Kulikuwa na sheria moja pale ambayo sijawahi kuisikia kwingine. Kwingine mshindi anachagua padi. Kwa Mama Mkaguzi mshindi anashuka msumari. Ukishinda na Askofu, mechi ijayo unacheza na Mgeni. Ukishinda tena, Bibi. Ukishinda na Bibi, huku timu yako inahamia Malawi, unapewa Bwana Harusi. Tulilia sana tulipoanza. Rafiki yangu Lusajo, ambaye hata kuhesabiwa miongoni mwa waliochelewa shuleni anaona ni uonevu, alimwuliza, "Mama, yaani tunaadhibiwa kwa kushinda?"

"Nakutafuta wewe," akamjibu. "Ukishinda na Askofu, sijui ni wewe au ni Askofu. Ukishinda na Bwana Harusi, hapo nimekuona."

Kwa hiyo mimi nilijifunza kucheza na padi mbovu. Nilijifunza kumshika Bibi kwa kidole gumba cha kushoto kikimvuta kulia kidogo muda wote, kama unavyomwongoza mlevi barabarani. Watu wakija kutoka mjini na mbwembwe zao, nilikuwa nawafunga kwa Bwana Harusi halafu nawaambia, "Samahani, mkono unauma."

Mara moja alinichukua kwenda naye Kyela mjini kununua padi ya akiba. Duka ni la mzee mmoja wa kutoka pwani, anauza simu, redio, kandambili na kila kitu chenye waya, na maneno yake ni matamu kuliko halua. Alimtandikia Mama Mkaguzi padi sita juu ya kaunta ya kioo.

"Chagua utakayo, mama yangu. Hizi zote orijino, wallahi."

"Usiape wewe," akasema Mama Mkaguzi. "Iache iape yenyewe."

Akafumba macho. Akaichukua ya kwanza, akaitikisa karibu na sikio: ndani kuna kitu kilicheza. Akaiweka. Ya pili akaiminya viganja vyote viwili kama anakamua chungwa, plastiki ikalia. Akaiweka. Ya tatu akanusa. Mteja mmoja aliyekuwa ananunua chaja akasahau chenji yake akasimama kuangalia. Ya nne, akabonyeza batani moja taratibu, akaiachia taratibu, akatega sikio kama anayesubiri jibu. Akafika ya sita, akafumbua macho, akasema, "Sina padi hapa. Nipe kandambili."

Yule mzee akacheka mpaka kofia ikahama. "Mama, wewe ukija dukani kwangu naona kama nimefiwa."

"Basi nenda kapokee rambirambi, uagize nzuri."

Na kweli aliagiza. Tangu siku hiyo, kila mzigo wa padi ulipofika, yule mzee alimtumia ujumbe kwanza yeye.

Nisije nikawadanganya kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na kinyongo, alikuwa na upendeleo, na sauti yake kanisani ilizidi ya wenzake kwa makusudi. Alikataza kelele kibandani lakini kicheko chake mwenyewe kiliwaamsha popo wa ghalani. Alinyima sifa. Katika miaka yote aliniambia neno zuri mara moja, nalo lilikuwa, "Leo hujanichosha." Lakini hivi pia ni kweli: gunia alilolikataa asubuhi, mchana ungemkuta uani kwa mwenye gunia, amevua viatu, anapindua kakao kwa miguu pamoja na watoto wa nyumba hiyo, na mvua ikitishia yeye ndiye wa kwanza kupiga yowe na kukunja jamvi. Kwetu alikuja mara zote tatu. Baba alikataa kumsalimia mara mbili. Ya tatu akamwekea chai.

Nirudi kwenye kisasi. Nilipokuwa kidato cha kwanza, mimi na Lusajo tulifungua padi mbili kwa bisibisi tuliyoiba maabara, tukatoa matumbo ya feki moja tukayaweka ndani ya ganda la Askofu. Nje ni Askofu mtupu. Tukaitundika msumari wa kwanza, tukakaa kwenye benchi kama waumini. Mama Mkaguzi akaja kufuta padi zake. Akaishika. Haikupita hata muda wa kupiga chafya.

"Hii imevaa nguo za mwenzake," akasema. Kisha bila kugeuka: "Aliyeivalisha asogee."

Adhabu yangu ilikuwa kukaa pembeni ya kigoda chake, macho yamefungwa kitenge, nazishika padi nne zikiwa zimechanganywa, mpaka nizitaje zote bila kukosea. Niliona ni mteremko. Ilinichukua siku nne. Siku ya kwanza nilimwita Bibi Askofu mara saba, na watu walikuwa wanapita wananipiga picha. "Usibonyeze," aliniambia. "Unaibonyeza kama unaidai. Ishike kwanza. Isubiri." Siku ya tatu nikaanza kuhisi mshono. Siku ya nne nikahisi uzito unakaa wapi. Nilipofungua kitenge akanipa konzi ya kakao. "Na hii?" Nikaiminya sikioni. Ikanyamaza. Nikamwambia, "Haisemi." Akaitikia kwa kichwa tu, akaenda zake.

Mpaka leo nikishika chaja dukani najua itaunguza simu au la. Baba, yule yule wa mkono wa shetani, hapeleki gunia mpaka nimetumbukiza mkono. Hakuna mwalimu aliyenipa kitu kikubwa kuliko hicho, na walimu wangu wakisoma hapa wasinichukie, wao wana watoto sabini darasani.

Ndiyo maana kilichofuata kiliniuma.

Mwaka jana, mvua za kwanza zimeanza, Lusajo alipata padi moja kutoka kwa jamaa wa mpakani. Feki, ila feki ya kisomi: ndani walikuwa wamegundisha kipande cha chuma ili iwe nzito. Nje ilifanana na Askofu kama pacha. Lakini kiungo chake, jamani, kiungo chake ungeweza kukihisi kwa kisigino. Tukasema tumfurahishe Mama, atatugundua, atatutukana, tutacheka. Tukamtoa Askofu, tukamweka yule pacha.

Mama Mkaguzi akaja na kitambaa chake. Akaichukua. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akaisogeza mwangani, akaiangalia.

Aliiangalia. Mama Mkaguzi hakuwa mtu wa kuangalia.

"Askofu huyu," akasema, akaifuta, akaitundika msumari wa kwanza.

Lusajo alinibinya paja kwa furaha mpaka nikatoa sauti. Tulipotoka nje alirukaruka barabarani: "Tumempata! Tumempata Mama Mkaguzi!" Mimi nami nikacheka, nikafika kwenye kona, kicheko kikakata.

Kuanzia hapo nikawa namchunguza. Alishika kikombe cha chai ya moto bila kukihamisha mkono. Kisu kilimponyoka, akakitafuta kwa macho wakati kilikuwa kimelala kwenye kiganja cha mkono wake mwingine. Na siku moja ya kupokea kakao nilimwona mzee mmoja wa Katumba Songwe amesimama mbele yake na gunia, ameshaigeuza baiskeli kwa ajili ya kurudishwa, maana yeye mwenyewe alijua halijakauka. Mama akatumbukiza mkono. Akaminya. Barabarani bodaboda tatu zilikuwa zinaunguruma, sikio halikusaidia. Akasema, "Lipite." Yule mzee alisimama pale kama mtu aliyepewa mtoto siyo wake. Kisha akalisukuma gunia ndani haraka haraka.

Gunia moja bichi halikai peke yake. Linatoa ukungu, ukungu unahamia kwa jirani, na siku ya mnada wanunuzi wakikata mbegu moja nyeusi wanashusha daraja la ghala zima. Jasho la msimu mzima la watu wote. Na nikisema, Mama Mkaguzi anabaki nani? Nikinyamaza, anakuja kuaibishwa na mnunuzi kutoka mbali, mbele ya wote aliowakatalia. Tangu siku ya yule pacha, nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Mimi, ambaye siri ya mtihani sikuwahi kukaa nayo mpaka mapumziko.

Nilimfuata kibandani mchana mmoja wa mvua, hakuna wateja, bati linapigwa kama ngoma.

"Mama, nina jambo."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Basi ni kubwa. Kaa."

Nikatoa Askofu kwenye begi, nikamshusha yule pacha kwenye msumari, nikamwekea zote mbili mikononi. "Huyu wa kushoto ni feki, Mama. Nimemweka mimi. Amekaa msumari wa kwanza wiki tatu."

Alizishika muda mrefu. Alipitisha kidole gumba kwenye kiungo, akarudi, akapitisha tena.

"Nazishika kama nimevaa soksi mikononi," akasema hatimaye. "Nani mwingine anajua?"

"Lusajo anajua tumekupata. Hajui kwa nini."

"Na wewe, mcheka-misiba, mbona hili hujalitangaza?"

"Lilikataa kuchekesha."

Akanionyesha kiganja cha kulia. Kulikuwa na lengelenge kubwa, limeshaanza kukauka. "Nilishika sufuria. Nikasikia harufu ya nyama, nikajiuliza ni jirani gani anachoma bila kunialika." Akacheka peke yake, kidogo. "Ni sukari. Zahanati waliniambia tangu mwezi wa tano, ila hii ganzi sikuwatajia. Nikasema masikio yangu yatanibeba." Kisha akaniuliza, kama anamwuliza mtu mzima mwenzake: "Nikisema, nitakuwa nani pale? Mama wa kigoda?"

Nikasema tu kilichokuwepo: "Gunia la yule mzee wa Katumba Songwe lilikuwa bichi, Mama."

Akafumba macho. "Limekaa wapi?"

"Kushoto, safu ya katikati."

"Limepakana na la nani?"

"La baba."

Alizitundika padi, Askofu kwenye msumari wake, na yule pacha akanitia mkononi: "Peleka takataka yako."

Siku iliyofuata ya kupokea kakao, watu wamepanga mstari na magunia yao, hakukaa. Alisimama pembeni ya kigoda akasema kwa ile sauti ya kanisani, "Ndugu zangu, mkono wangu umelala. Magunia yote niliyopitisha tangu mvua ianze yafunguliwe upya. Lililopita bichi, kosa ni langu, siyo la mwenye gunia."

Mtu mmoja akakohoa. Yule mzee wa Katumba Songwe akavua kofia akaangalia ndani yake, kama ameandikiwa humo la kusema. Halafu baba yangu, jamani, baba yangu mwenye hasira za nyuki, akapaza sauti kutoka katikati ya mstari:

"Mama, miaka yote hii unanikatalia. Sasa nani atanikatalia?"

Watu wakacheka. Mama Mkaguzi naye akaanza kucheka, akageuka ukutani, akakaa hivyo muda kidogo, mabega yanatikisika, na hakuna aliyeuliza kama bado ni kicheko. Baba akaacha gunia lake kwenye mstari, akaingia ghalani kufungua kamba. Wengine wakafuata. Magunia mabichi yalikuwa matatu. Ukungu ulikuwa bado haujashika.

Ushirika ukaleta kimashine cha kupima unyevu, kina namba. Mama Mkaguzi alikichungulia akasema, "Kinasema kweli, ila hakinusi." Wiki hiyo hiyo akaenda Mbeya kwa binti yake kutibiwa, kibanda kikafungwa kwa miezi, nasi tukaanza kusoma, si kwa kupenda.

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, nilikuwa napita na daftari la jiografia nikasikia runinga kibandani. Mlango uko nusu. Nikachungulia. Mama Mkaguzi amekaa kwenye benchi letu, amepungua, amevaa miwani, ameshika padi nyeusi mpya nisiyoijua. Kwenye runinga timu yake imesimama uwanjani kama inasubiri basi.

"Ingia," akasema. "Shika nyingine, cheza na mimi."

"Mama, wewe? Gemu?"

"Daktari kasema nivitumikishe vidole. Kaa, acha kushangaa kama mbuzi."

Nikamwuliza hiyo padi kaitoa wapi. Alikwenda kwa yule mzee wa mjini, akamwambia awashe padi zote zenye mtetemo, moja moja, akawa anaziweka kiganjani. Hapa kibandani hatukuwahi kuwa na mtetemo, maana alimwambia fundi autoe kwenye padi zote tangu mwanzo. Alidai unalegeza skrubu. "Nyingine zilipiga kelele tu," akasema. "Hii ilinishika mkono mpaka kwenye kiwiko. Mzee wa watu nusura alie. Alidhani nimeumia."

"Inatetemeka saa ngapi?"

"Nikipigwa mtama."

Tukaanza. Sikuwa na haja ya kumfunga, ingekuwa kama kumfunga mlingoti. Mchezaji wake alipofika na mpira, au tuseme mpira ulipomkuta, nikamfuata na beki nikamlaza chini. Filimbi. Kadi. Padi ikanguruma mapajani kwake, na nikaona uso wake unafunguka taratibu, kama zile siku ameminya konzi ya kakao ikaitika.

"Nimeisikia," akasema. "Nipige mwingine."

Nikampiga mwingine. Nikampiga wa tatu kwa nyuma, rafu ya kishenzi, ambayo mbele ya mtu mwingine ningeona haya. Kila kadi nyekundu ilipotoka yeye alifumba macho, viganja vimeikumbatia ile padi, midomo inasema kitu kidogo. Nikabaki na wachezaji saba. Akaangalia runinga juu ya miwani.

"Mbona watu wako wamepungua?"

"Wamefukuzwa, Mama. Wanne. Akitoka mmoja tena refa anavunja mechi."

"Wamefukuzwa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Waambie ndaga fijo," akasema, kwa lugha ya nyumbani anayoitumia akishukuru kwa moyo. Kisha akaishika padi vizuri, akamgeuza mchezaji wake, batani ya kukimbia ameipata sijui vipi, akamleta mbio moja kwa moja kwa beki wangu aliyebaki, kama ng'ombe anayerudi zizini.